Je, Panya Ana Haki ya Kutibiwa?

Swali hili huenda likamchekesha msomaji, wala sitamlaumu, kwani mimi mwenyewe nalicheka nilipoulizwa mara ya kwanza. Kwetu pwani panya hana mjadala. Akionekana jikoni hutafutwa ufagio, mlango ukafungwa, na mambo yakaisha hapo. Lakini swali laweza kuwa dogo kwa umbo na zito kwa yaliyomo. Hili limenisumbua tangu Ramadhani ya mwaka 2024, nami naona ni juu yangu kulieleza kwa ndugu zetu wa darsa, kwa sababu jawabu la kwanza nalilitoa kwa haraka na mbele ya watu. Na mwenye kukosea mbele ya watu hana ruhusa ya kujisahihisha chumbani peke yake.

Asili yake ni hii. Mwaka huo nalialikwa kusalisha tarawehe katika mji wa Leicester, Uingereza, mji wenye Waislamu wengi, na miongoni mwao wamo wengi waliotoka Afrika Mashariki. Nalifikia nyumbani kwa binti wa dada yangu. Yeye ana mtoto wa kike wa miaka 11, ambaye kwa hesabu ya ukoo ni mjukuu wangu, naye huniita Babu, ingawa sijatimiza miaka 50 na ndevu zangu nyingi bado ni nyeusi. Siku ya kwanza mtoto huyu alinishika mkono akanipeleka chumbani kwake anionyeshe wakaazi wengine wa nyumba. Nalidhani ni ndege. Nilipoinama nalikuta kizimba kikubwa cha waya chenye ghorofa mbili, na ndani yake panya wawili wa kike: mmoja mweusi mwenye tumbo jeupe, jina lake Zabibu, na mwenziwe wa rangi ya kahawia, jina lake Tende. Nalirudi nyuma hatua mbili. Mtoto akadhani nawapisha wamwone vizuri mgeni wao.

Msomaji atauliza ni watu gani hawa wafugao panya kwa kupenda. Habari yao si mpya. Katika karne ya 19, mjini London, panya walikuwa wakikamatwa wazima, wakatiwa katika mashimo pamoja na mbwa, na watu wakacheza kamari juu ya mbwa gani ataua wengi kwa muda mchache. Mtu mmoja aitwaye Jack Black, aliyejitangaza kuwa mshika panya wa Malkia Victoria, kila alipopata panya wa rangi isiyo ya kawaida alimweka kando, akawazalisha, na wazao wao akawauza kwa watu wa kufuga. Mwaka 1901 bibi mmoja jina lake Mary Douglas aliomba panya wakubwa nao waingizwe katika maonyesho ya wafugaji wa vipanya mjini Aylesbury, akakubaliwa. Mwaka 1976 kikaundwa huko chama cha taifa cha wafugaji wa panya. Jinsi yenyewe ni ile ile ya panya wa mifereji, ila vizazi vingi vya kuzalishwa na kushikwa kwa mkono vimewalainisha tabia.

Nasi tuna sababu zetu za kumchukia, wala si za upuuzi. Mwaka 1902 tauni iliingia Nairobi, na soko la Wahindi likachomwa moto kwa amri ya serikali ili ugonjwa ukomeshwe. Na tauni huambukizwa na viroboto walio mwilini mwa panya. Mkulima wa mahindi hahitaji kuelezwa haya, ghala lake limekwisha mweleza.

Basi katika juma la kwanza la mfungo, mtoto alipokuwa akimshika Zabibu, alihisi kitu kigumu chini ya kwapa la mguu wa mbele. Kilikuwa kama kunazi. Baada ya siku kumi kilikuwa kama ndimu. Akapelekwa kwa daktari wa wanyama, nami nikaandamana nao kwa udadisi. Daktari alieleza kuwa tezi za maziwa za panya wa kike zimetandaa tangu shingoni hata mapajani, kwa hivyo uvimbe wa namna hii waweza kutokea kwapani, ubavuni au karibu na mkia, na kwamba ni maradhi ya kawaida mno kwa panya wa kike wakifika umri. Mara nyingi si saratani ya kuenea mwilini, lakini haukomi kukua. Ukiachwa huwa mzigo ambao panya hawezi kuuburura, kisha ngozi iliyo juu yake hupasuka na kuoza, naye hufa polepole. Njia, alisema, ni tatu. Kumpasua na kuuondoa uvimbe, kwa pauni 260, yaani zaidi ya shilingi 40,000 za Kenya. Kumdunga sindano ya kumfisha bila maumivu, kwa pauni 35. Au kumrudisha nyumbani na kumwacha kama alivyo.

Jioni ile tulifuturu na wageni wa msikitini, na binti wa dada yangu akaniuliza mbele yao: "Mjomba, wewe wasemaje?" Nalikuwa na tende mkononi (tende ya kufuturia, si yule panya), na nalijibu hata kabla ya kuimeza. Nalisema panya ni katika wale watano walioruhusiwa kuuawa hata na aliye katika ihramu, basi auawe, na pesa zitolewe sadaka. Wageni wakaafiki. Mtoto hakulia. Aliniuliza tu: "Tutamuua vipi, Babu?" Nikamwambia daktari atajua. Akauliza tena: "Na kwako Mombasa, wewe huwaua vipi?"

Sikumjibu. Nalisema naomba chai.

Usiku ule, baada ya tarawehe, sikupata usingizi. Nalianza kuipitia dalili niliyoitumia. Hadithi ya wanyama watano ni sahihi, wala hapana wa kuikanusha: kunguru, mwewe, nge, panya na mbwa mkali. Lakini yatufunza nini? Yatufunza kuwa mwenye kuwaua hana dhambi hata akiwa mahali na katika hali ambamo kuua mawindo kumekatazwa. Haisemi namna ya kumtenda panya akiwa yu hai mkononi mwako. Wanavyuoni wamekhitalifiana hata katika sababu ya ruhusa yenyewe: Imamu Malik aliona sababu ni madhara yao, na Imamu Shafii aliona ni kuwa hawaliwi. Ningependa kushika kauli ya Malik, niseme kwamba panya wa kizimbani haburuti utambi wa taa akaiunguza nyumba wala hatoboi magunia, basi ruhusa imeondoka kwa kuondoka sababu. Lakini mimi ni Mshafii, na si adabu mtu kuhama madhehebu kila moyo wake unapolainika. Hoja hiyo naiacha. Panya yule aliruhusiwa kuuawa, na katika hilo nalikuwa sahihi.

Kosa langu lilikuwa kwingine. Ruhusa ya kuua naliifanya ruhusa ya kutojali, na hizo ni mbili mbalimbali. Mtume wetu (rehema na amani zimshukie) ametufunza kuwa wema umefaradhishwa katika kila jambo, hata katika kuua, na akaamrisha kisu kinolewe ili mnyama asiteseke. Ikiwa aliyehukumiwa kufa ana haki ya kisu kikali, basi hata mauti yake yana masharti, na sharti si la mwenye kuuawa, ni la mwenye kuua. Kwa hivyo mbele yangu palikuwa na milango miwili iliyo wazi, wa kutibu na wa kufisha kwa upole. Ule wa tatu, wa kumwacha kiumbe aoze akiwa hai kwa kuwa tu ni panya, sikuuona kuwa wazi katika kitabu chochote nilichosomeshwa.

Kisha nalikumbuka habari ya yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Tumeisoma tangu chuoni, na kila mara tuliisoma kana kwamba ni habari ya paka. Hakuadhibiwa kwa kuwa paka ana cheo. Alimfungia, hakumlisha, wala hakumwacha akajitafutie. Kule kumfungia ndiko kulikoleta deni. Panya wa darini kwangu hanidai kitu. Riziki yake aitafuta mwenyewe, na ugonjwa wake hanionyeshi. Lakini Zabibu alizaliwa kizimbani, akanunuliwa kizimbani, hali ila anacholetewa, wala hana pa kwenda kuomba msaada isipokuwa kwa mtu aliyeufunga mlango. Sheikh Izzuddin bin Abdissalam, aliyefariki mwaka 660 wa Hijra, sawa na mwaka 1262, alipohesabu haki za wanyama juu ya binadamu alitaja kuwa mnyama agharimiwe hata akiwa mzee au mgonjwa kiasi cha kutotarajiwa manufaa yoyote kwake. Nalikuwa nimelisomesha neno hilo miaka miwili kabla, katika darsa yetu hii, na mfano nilioutoa ulikuwa wa punda wa Lamu. Punda nalimwona. Panya hakunipitia akilini.

Atasema mwenye kusema: ufugaji wenyewe si umekatazwa? Kweli, katika vitabu vya Kishafii mna kauli ya kukataza kumfuga yeyote katika hao watano, na mimi simshauri mtu aanze. Lakini kosa la kufuga, likiwa ni kosa, ni la mfugaji, si la panya. Mtu aliyekopa kwa njia isiyofaa hatumwambii asilipe.

Likabaki la pesa, nalo ni zito kuliko la fikihi. Mzee mmoja wa msikitini alinivuta kando akasema: "Sheikh, watu wafa njaa ulimwenguni, na hawa wataka kumpasua panya?" Nalimheshimu kwa neno lake, kwani njaa si hadithi ya kubuni. Lakini wakati akisema hayo, nyuma yake vijana walikuwa wakimwaga mapipani wali na nyama vilivyobaki katika futari, na kiasi kile kilifanyika kila usiku, na yeye hakuwahi kumvuta mtu kando kwa ajili ya wali ule. Sisi nasi huku Mombasa twafanya harusi za siku tatu kwa pesa za kukopa. Matumizi ya panya huulizwa sana kwa sababu ni ya panya. Mengine tumeyazoea, na kilichozoeleka hakiulizwi.

Hata hivyo sikubali kuwa hoja ya mzee haina uzito. Haki zina daraja. Mwezi wa Januari mwaka ule dada yangu alipasuliwa mtoto wa jicho hapa Mombasa, na binti yake alituma gharama zote bila kupunguza senti. Lau zingekuwa hazijatumwa ningesema bila kusita: mama kwanza, na Zabibu apewe ile sindano ya pauni 35. Wala isingekuwa ukatili. Lakini mama alikwisha tibiwa, kodi ya nyumba imelipwa, mtoto alikuwa na pauni 140 za akiba yake ya sikukuu mbili, na mamake alikuwa tayari kujaza zilizobaki bila ya kukopa. Mwenye mali ya halali aliyekwisha timiza haki za watu hatanguliwi na mimi mlangoni pa mkoba wake.

Futari ya siku iliyofuata naliwaambia wale wale waliokuwapo kuwa nalikosea. Kumtibu si wajibu, kumfisha kwa upole si dhambi, kumwacha ateseke ndiyo dhambi. Na baina ya mawili ya kwanza achague mwenye mali. Mzee yule alitikisa kichwa. Mtoto akaenda kuchukua kibweta chake cha akiba.

Siku ya upasuaji nalijifunza mambo ambayo sikuyadhani. Binadamu akienda kupasuliwa huambiwa asile, lakini panya hakukatazwa. Panya hana uwezo wa kutapika, kwa hivyo haogopewi kupaliwa na matapishi akiwa katika nusukaputi. Na mwili wake ni mdogo hata akikaa na njaa kwa muda huishiwa na nguvu. Tulikwenda sote tumefunga, na Zabibu peke yake njiani alikuwa akitafuna tango. Daktari alimsikiliza mapafu kwanza, kwani panya wengi wa kufugwa huishi na maradhi ya kifua yaliyojificha, na kifua kibovu hakistahimili dawa ya usingizi. Kisha alieleza hatari zilizobaki. Panya wa uzito wa gramu 280 ana damu isiyozidi vijiko vinne vya chai mwili mzima, basi kijiko kimoja kikimwagika ni jambo la kutisha. Mwili wake hupoteza joto upesi, kwa hivyo hulazwa juu ya godoro la umeme lenye vuguvugu tangu mwanzo hata azinduke. Macho yake hubaki wazi akiwa amelala, hupakwa marhamu yasikauke. Usingizi huletwa kwa gesi ya isoflureni, kwa kifuniko kinachotiwa puani, kidogo kuliko kikombe cha kahawa chungu.

Ilichukua chini ya saa moja. Uvimbe ulipimwa ukawa gramu 30. Msomaji asiione kuwa ni kidogo: kwa kiasi cha mwili wake ni sawa na mtu wa kilo 70 kubeba uvimbe wa kilo saba.

Lakini upasuaji ulikuwa kazi ya daktari. Kazi ya nyumba ilianza tuliporudi. Kizimba cha ghorofa kilikatazwa, maana panya akipanda atalifungua jeraha. Akatiwa katika kizimba kidogo cha sakafu moja, na vumbi la mbao likaondolewa lisigande kidondani, badala yake zikatandikwa karatasi nyeupe za jikoni, ili hata tone la damu lionekane. Chupa ya maji moto ikafungwa kwa taulo ikawekwa upande mmoja tu, apate pa kuikimbia akiona joto limezidi. Dawa ya maumivu ilikuwa ya maji, ikipimwa kwa matone katika bomba la sindano lisilo na ncha, naye aliilamba kama asali. Kila asubuhi alipimwa kwa mizani ya jikoni na uzito ukaandikwa katika daftari la shule, kwa sababu panya mgonjwa huficha ugonjwa wake, bali mizani haifichi. Alilishwa uji, ndizi iliyopondwa na kiini cha yai.

Siku ya pili mtoto alinijia mbio akisema Zabibu atoka damu machoni. Kweli palikuwa na wekundu pembezoni mwa macho na puani. Tukauliza, tukaambiwa si damu. Ni maji ya rangi nyekundu yatokayo katika tezi iliyo nyuma ya jicho la panya, nayo huzidi akiwa na dhiki au maumivu. Tukafundishwa pia kuusoma uso wake. Mwaka 2011 watafiti wa Montreal, Kanada, walichapisha kipimo cha kutambua maumivu ya panya kwa uso: macho hufinywa, pua na mashavu hutandazika badala ya kuvimba, masikio hukunjika na kugeukia nje, masharubu hubadili mkao. Mimi nimeishi na panya maisha yangu yote katika nyumba za Mji wa Kale, na kabla ya siku ile sikujua kuwa panya ana uso.

Usiku wa tatu, kwenye saa tisa, naliamka kwa ajili ya daku. Mama wa nyumba alikuwa kazini, kwani hufanya zamu ya usiku katika nyumba ya kutunza wazee, na mumewe ni dereva wa lori, alikuwa safarini. Nalimkuta mtoto amekaa sakafuni mbele ya kizimba, taa inawaka. Zabibu alikuwa amezitafuna nyuzi, na jeraha limefunguka kiasi cha ukucha wa kidole gumba. Tukapiga simu kwa daktari wa zamu. Akasema tuchemshe maji yenye chumvi, tuyaache yapoe, tulioshe jeraha, tumfunge kitambaa asifike kwenye nyuzi, na asubuhi tumpeleke. Mtoto hakuweza kumshika na kumwosha kwa wakati mmoja. Na mtu mzima niliyekuwapo nalikuwa mimi.

Nalimshika. Nalimfunga katika taulo dogo kama nilivyoelekezwa, kichwa nje, mguu mmoja nje, nikamwekea kiganja chini ya kifua. Moyo wa panya hupiga zaidi ya mara 300 kwa dakika. Hesabu hiyo nimeisoma baadaye, usiku ule nalihisi tu mtetemo usiokatika, kama wa kitu kilichotiwa umeme. Nalitarajia aniume. Alikuwa na haki ya kuuma, maana maji ya chumvi yalimfika kwenye nyama. Hakuuma. Alitia pua yake baina ya vidole vyangu viwili akatulia hivyo mpaka mtoto alipomaliza. Mikono ya mtoto haikutetemeka, yangu ndiyo iliyotetemeka. Sikupata daku ila glasi ya maji, na kanzu nilibadili, kwani mwili wa panya aliye hai kwetu ni tohara lakini mkojo wake ni najisi, na panya hudondosha mkojo kila apitapo. Asubuhi alitiwa nyuzi mpya za ndani, na juu yake ngozi ikagandishwa kwa gundi ya madaktari.

Tende naye alikuwa ametengwa siku hizo, na vizimba viwili viliwekwa ubavu kwa ubavu. Kila nilipoingia nalimkuta amelala kwenye pembe iliyo karibu zaidi na mwenziwe. Sitaki kuongeza chumvi. Huenda alifuata joto la chupa. Lakini mwaka 2011 hiyo hiyo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Chicago waliandika majaribio ambamo panya aliye huru alijifunza kumfungulia mwenziwe aliyebanwa katika bomba, na hata alipowekewa chokoleti karibu, mara nyingi alimfungulia mwenziwe na kumbakishia sehemu. Basi sina haraka tena ya kusema panya hana hili wala lile.

Baadhi ya ndugu niliowasimulia haya waliniletea habari ya Morogoro. Huko Tanzania, katika Chuo Kikuu cha Sokoine, shirika la APOPO limewafundisha panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini na kutambua kifua kikuu katika makohozi. Mmoja wao, Magawa, alipelekwa Kambodia mwaka 2016, akafichua mabomu na vilipuzi zaidi ya 100, mwaka 2020 akapewa nishani ya dhahabu Uingereza, na akafa mwezi wa Januari 2022. Habari hii ni kweli, nayo ni fahari ya Afrika Mashariki. Wakasema: waona, Sheikh, panya ana manufaa, ndiyo maana astahili kutibiwa. Hapo ndipo tunapoachana. Tukimtunza Magawa kwa kuwa alifukua mabomu, huo ni ujira, na ujira ni haki njema, bali si huruma. Zabibu hakuwahi kufukua kitu isipokuwa mchanga wa chungu cha maua. Swali letu laanzia pale manufaa yanapokwisha. Na kama ni manufaa, deni letu ni kubwa kuliko Morogoro: tangu mwaka 1906 panya weupe wa taasisi ya Wistar ya Philadelphia na wazao wao wamejaribiwa dawa zetu, na vidonge vingi tunavyomeza leo vilipita kwanza tumboni mwa panya ambaye hakuna aliyemwita jina.

Sasa nirudi kwenye swali la mtoto nililolikimbia kwa kuomba chai. Mimi kwangu Mombasa huwaua vipi? Kwa gundi. Msomaji aijua: ubao unaouzwa madukani na kwenye mikokoteni, hupakwa gundi nzito, huwekwa chini ya kabati usiku. Panya akikanyaga hanasuki. Hufanya nini? Hulia. Huvuta mguu mpaka ngozi ikatoka, na pengine hutia uso gundini akajiziba pumzi, lakini mara nyingi asubuhi yu hai bado. Nami nimewahi kusikia kilio hicho saa nane za usiku, nikavuta shuka, na alfajiri nikatoka kwenda kusalisha, na ubao nikamwachia kijana wa takataka auchukue pamoja na aliye juu yake. Nimefanya hivyo si mara moja. Bunge la Uingereza lilipitisha sheria mwaka 2022, ikaanza kufanya kazi England tarehe 31 Julai 2024, ya kukataza gundi hiyo isipokuwa kwa kibali maalumu. Sheria ya watu ambao babu zao walicheza kamari kwa panya mashimoni! Na sumu nazo tusizidhani ni upole: nyingi huizuia damu isigande, na panya hufa kwa kuvuja damu ndani ya mwili baada ya siku kadhaa.

Hakuna katika haya anayesema panya wa nyumbani asiuawe. Auawe, kwani ana madhara. Lakini mtego wa chuma wenye nguvu humvunja mara moja, na wa waya humkamata mzima ukaamua la kufanya naye. Mimi niliyewasomesha watu kisu kinolewe, nalikuwa nikichinja usiku kucha kwa kisu butu chini ya kabati langu mwenyewe. Gundi niliyokuwa nayo nimeitupa, nikanunua mitego miwili ya chuma, na panya wangali wanakuja.

Zabibu alipona. Manyoya yaliota upya yakafunika kovu, akarudi ghorofani kwake pamoja na Tende. Panya wa kufugwa huishi miaka miwili hadi mitatu, na daktari alikuwa ametuonya kuwa uvimbe mwingine waweza kutokea. Ulitokea mwezi wa Oktoba, mahali pengine, na safari hii kifua chake kilikuwa kimedhoofika na daktari hakushauri kisu. Mtoto mwenyewe ndiye aliyesema apewe ile sindano, na alimshika mpaka mwisho. Kisha akanipigia simu kuuliza amzike wapi. Nalimwambia achimbe kwa kina bustanini, mbweha wa mjini wasimfukue, na anawe mikono vizuri.

Kabla hatujakata simu akaniambia kuwa panya hawezi kukaa peke yake, hunyong'onyea na kuacha kula, na Tende sasa yu peke yake. Je, Babu, amtafutie mwenzi, au ampe watu wenye panya wengine? Akimtafutia mwenzi, huyo mwenzi naye atabaki peke yake Tende akifa, na mambo hayatakuwa na mwisho. Nalimwambia anipe mpaka Ijumaa.

Ijumaa ile ilipita, na nyingine baada yake. Naye hakungoja: nimesikia kwa mamake kuwa Tende amehamia nyumba ya rafiki yake wa shule, yenye panya watatu.